Namanga Nyingine Mbele

Simu ililia nikiwa dukani kwangu Kajiado, nikimpimia mzee mmoja dawa ya kupe. Aliyepiga alikuwa binti wa mwalimu wangu wa shule ya Jumapili. Alisema mama yake ni mgonjwa, hospitali wamemruhusu arudi nyumbani Kitengela kwa sababu hawana tena la kumfanyia, na kati ya watoto wote aliowahi kuwafundisha ananiulizia mimi. Nikasema nitakuja Jumamosi. Nilipoweka simu chini, yule mzee aliniuliza ni habari gani njema nimepata, maana nilikuwa natabasamu.

Mimi ni mtu wa kinyongo, rafiki yangu, na wewe unalijua hilo kuliko wengi. Kuna watu wa kusahau, kuna watu wa kusamehe, na kuna sisi wa kuweka. Huyu mama nilikuwa nimemwekea maneno yake tangu nikichunga mbuzi, na nimeyanoa miaka yote hii nikiosha vyombo, nikipanga foleni benki, nikisubiri mvua isiyokuja. Jumamosi ikafika, nikavaa ile nguo ninayovalia harusi za watu, nikaenda Kitengela kulipiza kisasi. Lakini kwanza nikurudishe nyumbani kwa Koko, ndipo ujue kisasi cha nini.

Koko ndivyo tulivyomwita nyanya yangu, kwa Kimaasai. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya Isinya, ukielekea Kajiado, kwenye uwanda ambao wakati huo haukuwa na waya hata mmoja. Ulitoka mlangoni ukaenda, na hakuna mtu aliyekuuliza unaenda kwa nani. Nyumbu walikula nyasi pamoja na ng'ombe wetu na hakuna aliyewashangaa. Asubuhi niliamshwa na harufu ya kibuyu kikisafishwa kwa kijinga cha moto, kile kijiti cha mzeituni wa porini kinachosuguliwa ndani mpaka maziwa yapate ladha ya moshi. Halafu chai, nzito, na sauti ya kengele ya yule beberu mkubwa akisukumana na wenzake kutoka nje. Kazi yangu ilikuwa hao mbuzi. Nilipewa fimbo na kipande cha ugali cha jana, na siku ilikuwa yangu.

Usinifikirie nakuletea nyanya mpole wa hadithini. Koko alikuwa mfupi, mkali, mwenye kikopo cha ugoro shingoni, na kinyongo changu nimekitoa kwake. Kuna mama aliyewahi kumsema vibaya kwenye kisima, na Koko alikataa kumwamkia kiangazi kizima, wakati wote wawili walikuwa wakichota maji kwenye shimo moja. Alikuwa na sheria nyingi na hakueleza hata moja. Nilipoanza shule nikajifunza kuhesabu, nilirudi nyumbani na elimu yangu, nikasimama mlangoni jioni mbuzi wakiingia, nikaanza kuwahesabu kwa sauti. Alinipiga mdomoni kwa nyuma ya vidole. Mifugo haihesabiwi, wala watoto, hilo kila Mmaasai analijua; ukihesabu unaita hasara. Unasimama tu mlangoni, unamtazama kila mmoja usoni anapopita, na asiyekuwepo utamjua mwenyewe, kwa sababu uso wake haujapita.

Sasa kanisa. Lilikuwa la mabati, kando ya barabara, na upepo ukivuma hatukusikia mahubiri. Watoto tulikaa nje upande wa kivuli na mwalimu wetu. Wakati huo alikuwa msichana tu, mrefu, mwenye viatu vyeupe alivyovivua akifika na kuvipangusa vumbi kwa kitambaa kabla ya kufundisha. Alikulia hapohapo kwetu, boma lao lilikuwa kando ya mto mkavu, na tangu utotoni alikuja kwetu jioni mbuzi wakiingia, akanywa maziwa ya Koko. Alijua kuimba. Tulimpenda sote, na mimi nilimpenda kuwashinda wote, nikimbebea Biblia yake kutoka barabarani. Hilo nalitaja kwa sababu ukiumizwa na mtu usiyempenda, unapona haraka.

Jumapili moja alitufundisha juu ya uzima wa milele. Alitaka tuelewe milele ni urefu gani. Sasa kwetu sisi watoto, dunia ilikuwa na mwisho unaojulikana: Namanga. Hapo barabara inafika kwenye kizuizi, malori yanasimama, na ng'ambo ni nchi ya watu wengine. Mtu akisema kitu kiko mbali sana, tulimwuliza kama kimepita Namanga. Mwalimu akaichukua hiyo hiyo.

"Mnatembea mpaka Namanga," alisema. "Mnafika, kizuizi kinainuliwa. Mkiangalia mbele, kuna Namanga ingine. Mnaenda mpaka hiyo. Ikiinuliwa, kuna ingine. Na hamtawahi fika yenye iko mwisho. Hiyo sasa ndio milele."

Wenzangu walicheka. Mimi niliingiwa na hofu.

Nataka unielewe hapa, kwa sababu hakuna aliyenielewa. Sikuogopa jehanamu. Jehanamu sikuwa na mpango wa kwenda. Nilikuwa mtoto mwenye adabu na nilijua nyimbo zote. Niliogopa mbinguni, kwa sababu huko nilikuwa na hakika ya kufika. Nilijiona nimefika, nimekaa, nimeimba nyimbo zote, nimewasalimia watu wote, halafu kesho, halafu kesho yake, na hakuna mtu wa kuja kusema basi, twendeni nyumbani. Kila nilipojaribu kufikia mwisho wa hilo wazo, kizuizi kiliinuka. Hofu hiyo ilinijia mchana hasa, jua likiwa katikati, mbuzi wamelala chini ya migunga na uwanda umetulia. Nilitazama ule uwanda, ambao mpaka wiki iliyopita ulikuwa wangu, nikaona hauna mwisho. Nililala kifudifudi nikashika nyasi kwa mikono miwili, nisije nikaanguka kwenda juu.

Siku moja nilishindwa, nikakimbia nikawaacha mbuzi. Waliingia kwenye maharagwe ya mama jirani, Mkamba aliyekuwa amekodi shamba karibu na mto, mtu mkarimu aliyenipa muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa, kila nilipopita. Alinikuta nimejikunja nyuma ya ghala lake natetemeka. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akawafukuza mbuzi kwa mkono wa pili, akanipeleka kwa Koko na kusema huyu mtoto ameona kitu.

Basi wakubwa wakakaa kikao. Waliniuliza nimeiba nini. Mtoto anayetetemeka namna ile, walisema, ana dhambi na anaogopa moto. Nikakiri kulamba sukari, ili tu wapate la kushika, lakini kutetemeka hakukuisha. Mwishowe nikawaambia kweli, kwamba naogopa kuishi milele. Walitazamana. Ilikuwa vigumu kwao, naona leo. Wote walikuwa wameokoka hivi karibuni, na hiyo milele ndiyo zawadi kubwa waliyokuwa wameahidiwa. Ni kama nimesema naogopa mvua. Wakampelekea mwalimu habari, na mwalimu akajua dawa: niongezewe mbinguni.

Jumapili iliyofuata alinisimamisha mbele ya kanisa zima, wakubwa na wadogo. Aliniweka mikono kichwani, akawaambia watu kwamba kuna roho inamfanya mtoto huyu akatae zawadi ya Mungu, na leo itatoka. Nilitakiwa kusema maneno machache tu: nataka kuishi milele. Nikisema bila kulia, nimepona. Nilijaribu. Kila nilipofika kwenye lile neno la mwisho, sauti ilikatika. Waliimba, wakanyamaza, nikajaribu tena. Nje chai ilikuwa inapoa na watoto walikuwa wanatazama mandazi. Mikono yake ilizidi kuwa mizito kichwani kwangu, na akainama akaninong'oneza kwamba namwaibisha. Hapo nikatafuta moyoni kitu nilichoweza kukisema bila uongo, nikakisema kwa sauti kubwa.

"Nataka kuishi mpaka nichoke," nikasema, "halafu nilale."

Kanisa lilicheka mpaka mabati yakalia. Mwalimu naye alicheka, na hicho ndicho nilichoweka. Angenipiga ningesahau. Alinitoa mikono kichwani, akageukia watu akicheka, akasema, "Basi huyu tumwite Mpaka Nichoke."

Wakaniita. Shuleni niliitwa Mpaka Nichoke hadi darasa la nane. Nikikosa hesabu, mwalimu wa hesabu aliuliza kama nimeshachoka. Sokoni muuza nyanya alinipunguzia bei kwa jina hilo. Siku ya harusi yangu nilisikia shangazi fulani akimnong'oneza mwenzake, wote wakafunika midomo kwa leso. Mume wangu aliniuliza wanacheka nini, nikamwambia sijui.

Koko hakucheka. Alikuwa kwenye benchi la mbele, na aliporudi nyumbani alifanya mambo mawili. La kwanza, maziwa ya kanisa yalikoma. Kila Jumapili yeye ndiye aliyepeleka kibuyu cha chai ya waumini, na kuanzia siku ile walikunywa strungi, chai kavu. Walipomtuma mzee wa kanisa aulize, Koko alimjibu kwamba anayejua watu watakunywa nini milele hawezi kukosa maziwa ya Jumapili moja. Kisha akaja kanisani mwenyewe, akasimama katikati ya matangazo, akamwuliza mwalimu mbele ya wote huko mbinguni ng'ombe watakamwa na nani asubuhi. Mwalimu akasema hakutakuwa na kazi. Koko akasema, "Bila kazi mtu ataamkia nini?" akakaa chini akavuta ugoro wake. Sijawahi kumpenda binadamu kama nilivyompenda yeye dakika ile.

La pili alilifanya jioni, mlangoni pa boma. Mbuzi walikuwa wanarudi na vumbi lao, wamejazana nje, wanalia. Aliniweka mbele yake akanishika mabega. Aliniambia niache kuangalia lile kundi lililo nje.

"Enkerai ai," aliniita, mtoto wangu, "angalia huyu yuko mlangoni. Huyu peke yake. Amepita? Sasa angalia mwingine."

Nikauliza, na wale walio nyuma? Akasema wale wa nyuma hawajafika, si kazi yangu. Mlango ni mwembamba kwa sababu hiyo. Hata hiyo milele ya mwalimu wenu, alisema, itapitia mlangoni, siku moja moja, na kila siku ina uso wake. Wewe unaogopa kwa sababu unataka kuihesabu. Hayo ndiyo maelezo pekee Koko aliyowahi kunipa maishani. Hofu haikuisha siku ile wala mwaka ule. Lakini iliponijia mchana nilijua pa kusimama, na nilisimama, mpaka ikawa ni kitu kinachopita kama kilivyo kingine.

Sasa njoo tuende Kitengela. Binti yake alinipokea getini, mwanamke mstaarabu, akaniita anti. Plot yao imezungushwa ukuta, ya jirani nayo imezungushwa ukuta, na nje lori la maji lilikuwa linarudi nyuma likipiga kelele. Mwalimu alikuwa sebuleni, kwenye kochi, kandokando ya dirisha, blanketi mpaka kifuani na jua lile. Amekwisha. Aliponiona aliinua mkono, akiusubirisha hewani. Unajua kwetu: hata ukiwa mtu mzima, mbele ya aliyekuzidi unainamisha kichwa akuguse. Kichwa changu kilikuwa na kumbukumbu ya mikono ile. Nikampa mkono wa kawaida, kama karani, na akauona.

Nilimwuliza kama anakumbuka ile Jumapili. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu: kwamba atakana, kwamba atalia, kwamba atanitupia mstari wa Biblia. Sikuwa nimejiandaa kwa alichofanya, ambacho ni kukunja uso na kutafuta, kwa bidii, na kukosa. Aliwafundisha watoto wengi, alisema. Alikumbuka tu kwamba kulikuwa na mtoto aliyeogopa milele, akauliza watu, wakamwambia ni mimi. Jina lile hakulikumbuka. Nilikaa pale na miaka yangu yote ya kunoa, na huyu mama alikuwa amelisahau kabla chai haijapoa. Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo.

Binti alienda jikoni kuweka maji ya chai. Mwalimu akanivuta kwa kidole.

"Ulipona aje?" aliniuliza.

Nikamwuliza kupona nini. Akatazama mlango wa jikoni kwanza. Akaniambia ilianza hospitalini, mchana mmoja, alipokuwa amelala akitazama dari. Pasta na kina mama wa kanisa wanakuja kila siku kumwimbia juu ya makao ya milele, na yeye anafumba macho, nao wanafikiri anafurahi. Akiwaambia anaogopa, watasema hakuwa ameokoka, yeye aliyewaokoa watoto wao.

"Mimi nimechoka tu," alisema. "Nilikuwa nataka nilale. Basi."

Nilifurahi. Nakuambia wewe kwa sababu kwako sina haja ya kujipamba: nilifurahi mpaka vidole vikafa ganzi. Maneno yangu yaleyale, kinywani mwake, bila mimi kuinua mkono. Ningeweza kuondoka hapo hapo. Lakini haikunitosha. Nikamwambia nitamwambia nilivyopona, ila kwanza alitamke hilo mbele ya binti yake, kwa sauti, kama nilivyotamka mimi. Alinisihi kwa macho. Binti akaingia na chupa ya chai na vikombe, nami nikamwambia mama ana neno.

Aliitazama ile chupa ya chai. Kisha akasema, "Naogopa kuenda kuishi milele."

Binti aliiweka chupa mezani taratibu. "Mum, hapana," alisema. "Si wewe unaongea. Ni hizo dawa." Akamshika mkono, akampapasa, akasema wala asijali, atampigia pasta simu sasa hivi aje na wale kina mama, waje wamwimbie, wamwombee mpaka amani irudi. Alikuwa tayari anatafuta namba. Alimpenda sana mama yake, ungemwona.

Mwalimu aligeuka akanitazama. Nimekuwa nikiusubiri uso ule maisha yangu yote na nikauona: uso wa mtu aliyesema kweli, na sasa anasubiri kutibiwa.

"Hivi ndio tulikufanyia?" aliniuliza.

"Hivi," nikasema. "Na wewe ndio ulianza."

Hakuomba msamaha. Nami sikumpa. Nilimwambia binti aweke simu, pasta hatahitajika leo, na kwa sauti niliyoisema hakubisha. Halafu nikalipa ahadi yangu, kwa shingo upande, maana nilikuwa nimeahidi. Nikamweleza mlango wa boma na aliyoniambia Koko. Nilitarajia haitamfaa. Mbele yake palikuwa na ukuta wa jirani na tangi la maji, na mtu hawezi kujifunza mlango akitazama tangi.

Lakini akauliza, "Anaanza nani kuingia?"

Nikasema yule beberu wa kengele. Akasema hapana, beberu alikuwa anaingia wa mwisho, jeuri. Aliyeanza ni yule jike wa pembe moja. Alikuwa sahihi, nikachukia. Akaja wa madoa kifuani. Akaja yule kiziwi, aliyehitaji kusukumwa. Akaja wa masikio marefu aliyeletwa kutoka Ngong, ambaye mimi nilikuwa nimemsahau kabisa na yeye akaniambia alikuwa mali ya nani na alikufa kwa nini. Tukawaingiza mmoja mmoja, tukibishana, na binti amesimama na kikombe hajui tunaongea habari za nani. Katikati ya mbuzi mwalimu alipata usingizi, wa kweli, mdomo wazi.

Nikarudi Kajiado. Watoto wangu walikuwa sebuleni. Niliwauliza kama wanajua mbuzi wa pembe moja huingiaje boma, wakacheka, wakadhani ni kitendawili. Koko alishazikwa na boma lake ni plot kumi na kitu zenye mageti ya rangi mbalimbali. Mama jirani alirudi kwao Ukambani, sikusikia tena habari zake. Ule uwanda nilioulilia kwamba hauna mwisho umepata mwisho kila hatua chache, mawe na waya, na hakuna aliyeniuliza kama bado naogopa. Siku hizi ningelipa kusimama mahali pale nikatetemeka.

Mbali na mimi, amebaki mtu mmoja duniani aliyewaona wale mbuzi, naye ni mwalimu. Sijamsamehe. Nimejipekua nikitafuta, hakuna. Lakini kila asubuhi nikifungua duka namwomba Mungu asimchukue huyu mama bado, kwa maana akienda nitabaki peke yangu na mahali ambapo hakuna mwingine anayepajua, na hata hasira yangu itakuwa kama nimeitunga. Naomba hivyo nikiwa nimemkasirikia vilevile, na sijui maombi ya namna hiyo hupokewa vipi.